Dawa ya Mvi

Bidhaa iliyonisumbua zaidi katika kitabu hiki si sumu wala dawa ya usingizi. Ni rangi ya nywele. Mwaka wa 1942, ndani ya geto la Kraków, Poland, wazee wa Kiyahudi walikuwa wakiingia kwenye duka la dawa lililokuwa pembeni mwa uwanja na kuomba rangi. Hawakuwa na harusi ya kwenda. Maafisa wa Kijerumani walikuwa wakichuja watu kwa kuwatazama tu: huyu bado ana nguvu, abaki afanye kazi, huyu amezeeka, aondolewe. Treni zilikuwa zinaelekea Bełżec, na Bełżec haikuwa kambi ya kazi. Ilikuwa mahali pa kuulia watu. Kwa hivyo mvi zikawa hatari kuliko homa, na mfamasia akawa anatoa rangi vile angetoa dawa ya kikohozi.

Kitabu chenyewe kinaitwa Apteka w getcie krakowskim, yaani duka la dawa katika geto la Kraków. Kilitoka kwa Kipolandi mwaka wa 1947, miaka miwili tu baada ya vita kuisha. Mwandishi wake, Tadeusz Pankiewicz, hakuwa mtu wa vitabu. Alikuwa mfamasia, mtoto wa mfamasia. Babake, Józef, alifungua duka hilo miaka kadhaa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika mtaa wa Podgórze, ng'ambo ya mto Vistula, likaitwa Apteka pod Orłem, Duka la Dawa Chini ya Tai. Mwana akalishika mwaka wa 1933. Walikuwa Wapolandi Wakatoliki, na wateja wao walikuwa mchanganyiko, Wakatoliki kwa Wayahudi, kama duka lolote la mtaa. Kabla ya vita Wayahudi walikuwa kama robo ya wakazi wa Kraków, kwa hivyo hapakuwa na ajabu yoyote.

Kisha Machi 1941 Wajerumani wakachora mpaka. Zaidi ya watu 15,000 wakasukumwa mahali palipokuwa pakiishi watu kama 3,000. Ukuta ukajengwa, na juu yake wakaupa umbo la mawe ya makaburi ya Kiyahudi, ili aliye ndani asisahau anakoelekea. Duka la Pankiewicz likajikuta ndani ya mpaka. Wapolandi wenye maduka ya dawa eneo hilo walipewa nafasi ya kuhamia upande wa pili wa jiji. Yeye akakataa. Kwa maneno matamu na kwa hongo, akapata kibali cha kubaki, akawa analala humo humo dukani. Likawa duka la dawa la pekee katika geto lote, na yeye akawa Mpolandi asiye Myahudi aliyeishi ndani ya ukuta ule akiona kila kitu mpaka Machi 1943, geto lilipofutwa.

Nilikisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, kwenye simu, usiku tatu mfululizo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kabisa, lakini nilikaa darasani muda wa kutosha kusikia kwamba vitabu vya namna hii ni "ushahidi", na ushahidi ni wa watu wa historia. Sisi wa fasihi tungoje riwaya. Huo mgawanyo naukataa. Jinsi shahidi anavyosimama, anachochagua kutaja na anachoruka, mahali anapomaliza sentensi, hiyo yote ni kazi ya uandishi, awe anajua au hajui. Na hoja yangu kuhusu Pankiewicz ni hii: kitabu chake kina nguvu kwa sababu hakuondoka kwenye kaunta. Udhaifu wake nao unatoka pale pale kwenye kaunta.

Tuanze na nguvu.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati moja hapa ambayo msomaji wa Kiingereza hana. Kwetu, neno "dawa" ni pana. Kuna dawa ya malaria, lakini pia kuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, na dawa ya moto ambayo, tunaambiwa, ni moto. Dawa ni kitu chochote kinachokabili tatizo lililo mbele yako. Kwa hivyo sisi hatushtuki Pankiewicz anapotuonyesha kabati lake likibadilika kazi. Dawa ya kutuliza inapewa watoto wadogo ili wasilie wanapofichwa au kutoroshwa ndani ya mizigo. Rangi inapewa mwenye mvi. Chumba cha nyuma, ambacho mfamasia wa zamu alikuwa analala, kinageuka mahali pa watu kukaa, kusoma magazeti, kubishana kuhusu vita na kuambiana habari za nje. Ukimuuliza mtu wa geto lile dawa iliyomfaa zaidi ilikuwa ipi, pengine angekuonyesha kiti cha kile chumba.

Wahenga wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ndani ya geto methali hiyo iligeuzwa juu chini. Aliyeonyesha maradhi yake ndiye aliyeumbuliwa. Mtu mwenye homa alijikaza asimame wima. Mwenye miaka hamsini na tano alijipaka rangi akasema ana arobaini. Na mfamasia, ambaye kazi yake yote ni kusaidia watu waseme wanaumwa wapi, akawa fundi wa kuwasaidia wasionekane wanaumwa. Pankiewicz hasemi jambo hili kwa maneno mengi. Hafanyi falsafa. Anataja rangi, anataja nani alikuja, anaendelea. Mwandishi mwenye sifa zaidi angesimama hapo kurasa tano atulize. Yeye ana mteja mwingine mlangoni.

Hapo ndipo dirisha linapoingia.

Wengi wetu geto la Kraków tulilijua kupitia filamu. Steven Spielberg, katika Schindler's List ya 1993, anamweka Oskar Schindler juu ya kilima, amepanda farasi, akitazama geto likifutwa hapo chini. Katikati ya picha isiyo na rangi anaona mtoto mwenye koti jekundu. Ni picha nzuri, sitadanganya. Lakini fikiria jicho liko wapi. Liko juu, liko mbali, na limechagua mtoto mmoja, tena limempaka rangi ili sisi pia tumchague. Ukiwa kilimani unaweza kuchagua wa kumuona.

Dirisha la Pankiewicz lilikuwa chini, usawa wa barabara, likitazama uwanja ulioitwa Plac Zgody. Zgoda maana yake ni maelewano. Uwanja wa Maelewano, na hapo ndipo watu walikusanywa kabla ya kupelekwa Bełżec, Juni 1942 na tena Oktoba mwaka huo huo. Juni kulikuwa na joto, na watu walisimamishwa juani saa nyingi na mizigo yao. Mwenye dirisha kama hilo hachagui. Anayepita ndiye anayeonekana. Tena si wageni: ni watu aliowauzia dawa ya kifua jana yake, watu ambao anajua nani ana kisukari na nani moyo unamsumbua. Ndiyo maana hakuna koti jekundu katika kitabu hiki. Mfamasia wa mtaa hawezi kumfanya mtu mmoja awe mfano wa wote, manake anawajua wengi mno.

Na anawataja. Hili ndilo wasomaji wengine watalichoka. Kurasa zimejaa majina: daktari fulani, wakili fulani, mwalimu fulani, alikuja siku fulani, akasema hivi, akachukuliwa siku fulani. Kuna Artur Rosenzweig, mwenyekiti wa baraza la Wayahudi, aliyeondolewa na kupelekwa na jamaa zake Juni 1942. Kuna Symche Spira, mkuu wa polisi wa Kiyahudi, aliyekuwa fundi wa vioo kabla ya vita na ambaye sare ilimlevya. Kuna mchoraji Abraham Neumann na mtunzi wa nyimbo Mordechai Gebirtig, seremala aliyetunga kwa Kiyidi, wote wawili wakauawa siku moja, tarehe 4 Juni 1942. Mara ya kwanza nilipotea. Nilikuwa narudi nyuma kuangalia, huyu ni yule au ni mwingine?

Kisha nikakumbuka mfamasia huandika nini. Kazi yake ya kila siku ni lebo. Jina la mgonjwa, tarehe, dawa gani, kiasi gani. Ukikosea jina, unaua mtu. Pankiewicz hakusomea kuandika, lakini alisomea hilo katika Chuo Kikuu cha Jagiellonia na akalifanya miaka mingi. Kitabu chake ni mkusanyiko wa lebo. Kila mtu na jina lake, na tarehe, na kilichompata. Mahali ambapo upande mwingine nao walikuwa wakiandika orodha za majina, lakini orodha za kupakia treni, jambo hilo si dogo. Orodha ya Mjerumani ilihitaji idadi itimie. Lebo ya mfamasia inahitaji huyu asichanganywe na yule.

Hapa mtaani kwetu Umoja kuna mama mwenye kemisti ndogo kuliko chumba changu. Ana daftari la madeni, lile la mistari, jalada limechanika. Nimewahi kulipitia macho akinitafutia chenji: Mama Brayo, nusu dozi, mia na hamsini. Mzee wa maji, ya presha, mwisho wa mwezi. Ukitaka kuandika historia ya mtaa wetu usiende kwa chifu. Anza na daftari lile. Anayesoma Pankiewicz akiwa na kemisti wa mtaa kichwani hatachoka na majina, manake atajua ni ya nini.

Neno lenyewe "geto" pia linatutaka tuwe waangalifu. Nairobi tumelichukua tukalifanya letu: geto ni kwetu, ni mahali mtu ametoka na anajivunia. Lakini safari yake ilianza Venice mwaka wa 1516, Wayahudi wa jiji hilo walipopangiwa kisiwa kimoja kidogo cha kuishi, malango yakifungwa usiku. Wanazi walilichukua jina hilo wakalipa kazi nyingine: mahali pa kuwangojesha watu wauawe. Sisi tuliokulia tukisikia hadithi za babu na kipande shingoni tunaweza kuelewa kitu kimoja cha Kraków haraka, nacho ni karatasi. Juni 1942 uhai wa mtu ulikuwa muhuri kwenye kitambulisho. Siku chache baadaye muhuri hautoshi tena, inatakiwa karatasi ya buluu. Kuelewa karatasi hakumaanishi mambo haya ni sawa. Sitayaweka kwenye mizani. Nasema tu kwamba ukurasa ambao watu wamepanga foleni kutafuta muhuri ulinipata nikiwa tayari.

Sasa, swali ambalo kila msomaji atauliza: kwa nini alibaki?

Taasisi ya Yad Vashem ya Jerusalem ilimpa Pankiewicz mwaka wa 1983 heshima ya Mwenye Haki Miongoni mwa Mataifa, na alistahili. Lakini heshima ina tabia ya kusafisha mambo ikirudi nyuma. Tunaanza kusoma kila uamuzi wake kama wa shujaa tangu siku ya kwanza. Mimi naona tumwache awe alivyokuwa Machi 1941: mwanamume wa miaka 32 mwenye duka la babake. Mtu wa namna hiyo haachi duka. Rafu ni za babake, jina mlangoni ni la babake, wateja walimjua akiwa kijana. Mtu yeyote aliyezaliwa kwenye familia ya duka anajua kwamba duka si kazi tu, ni ndugu mwingine nyumbani, tena yule ndugu anayekula kwanza. Kubaki kwake kunaweza kuwa kulianza hapo, kwa kukataa kunyang'anywa kilicho chake.

Hilo halimpunguzi. Kwangu ndilo linalofanya kitabu kiaminike. Alibaki kwa ajili ya duka, kisha duka likaanza kumdai vitu ambavyo babake hakuwahi kudaiwa: afiche nyaraka, afiche hati za Torati, apitishe ujumbe na pesa na chakula, achekee afisa anayeingia kunywa ili mtu aliye chumba cha nyuma apate dakika kumi. Wema wa kitabu hiki haukushuka kutoka mbinguni. Uliingia kwa mlango wa mbele, mteja mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na shida ndogo iliyokuwa kubwa kidogo kuliko ya aliyemtangulia. Kufikia Machi 1943 mtu huyu alikuwa amefika mahali ambapo hakuna anayepachagua kwa kuruka mara moja.

Kuna kitabu kingine chenye duka la dawa la familia ambacho kinafaa kuwekwa karibu na hiki. Cynthia Ozick, mwandishi Myahudi wa Marekani, ana insha iitwayo "A Drugstore in Winter", kuhusu Park View Pharmacy, duka la wazazi wake huko Pelham Bay, Bronx, miaka ya 1930. Wazazi wanafanya kazi hadi usiku, binti anasoma, na maktaba ya kwenye lori inapita mtaani na vitabu. Tazama jinsi mambo yanavyopinduka. Kwa Ozick, familia ni ya Kiyahudi katika mtaa ambao wengi si Wayahudi, na binti anajua hivyo kila siku. Kwa Pankiewicz, familia si ya Kiyahudi na mtaa umelazimishwa uwe wa Kiyahudi peke yake. Lakini kaunta ni ile ile. Pande zote mbili, duka la dawa ndilo mahali ambapo mtaa hauwezi kukukwepa hata ukitaka, kwa sababu kila mtu huumwa siku moja. Tofauti ni kwamba Ozick anaandika kama binti, anayeona baba na mama wakichoka. Pankiewicz anaandika kama mwenye duka. Na mwenye duka haoni kila kitu.

Hapo ndipo udhaifu unapoanzia.

Hakuwa peke yake nyuma ya kaunta. Kulikuwa na wanawake watatu Wapolandi: Irena Droździkowska, Helena Krywaniuk na Aurelia Danek. Waliishi nje ya ukuta. Kila siku waliingia getoni kwa kibali, wakafanya kazi, wakatoka jioni. Kupitia kwao ndipo chakula, barua na pesa vilipita pande zote mbili. Angekamatwa mmoja na barua isiyofaa, hakuna ambaye angemuuliza yeye ni nani.

Pankiewicz anawataja na anawashukuru. Kitabu hakiwafichi. Lakini hakiingii ndani yao. Najua jinsi dirisha lilivyokuwa. Sijui mmoja wao alikuwa anafikiria nini akikaribia lile lango kila asubuhi. Na kwao lile jibu letu la duka la babake halifanyi kazi. Yeye alikuwa na rafu za urithi. Wao walikuwa na nini? Mshahara. Wangeweza kutafuta kaunta nyingine upande wa pili wa mto wakalala salama. Kulala getoni ni ujasiri wa namna moja. Kutoka kila jioni, ukaonja usalama wa nyumbani, kisha asubuhi ukarudi, ni ujasiri wa namna nyingine, na sina hakika upi ni mzito. Kama kubaki kwa mwenye duka kunaelezeka kidogo, kurudi kwa wasaidizi hakuelezeki kirahisi, na kitabu hiki, chenye majina mengi hivyo, hakikutusaidia. Jicho la mwenye duka lilitazama mbele, kwa wateja. Waliosimama ubavuni mwake liliwaona kwa pembeni.

Udhaifu wa pili ni wa ukuta wenyewe. Pankiewicz alikuwa na kibali cha kutoka. Hakuwa akingojea jina lake lisomwe. Anaandika kuhusu Wayahudi kwa upendo na heshima, lakini kuna vyumba vya juu, familia nne kwa mlango mmoja, ambavyo kaunta haiwezi kupanda ngazi kuvifikia. Watu walimletea yale waliyoweza kuyaleta dukani. Mengine walibaki nayo. Hilo si kosa lake, ila ni kosa letu sisi wasomaji tukimfanya yeye ndiye sauti ya geto.

Ushauri wangu: usimsome peke yake. Msome pamoja na Gusta Dawidson Draenger, mwanamke Myahudi wa harakati za vijana waliopigana na Wajerumani jijini Kraków, wale walioshambulia mkahawa wa Cyganeria, waliokuwa wakinywea maafisa wa Kijerumani, tarehe 22 Desemba 1942. Alipofungwa katika gereza la Montelupich, mwanzoni mwa 1943, aliandika kumbukumbu zake kwenye vipande vya karatasi za chooni. Zilitoka kama kitabu mwaka wa 1946, mwaka mmoja kabla ya Pankiewicz, kwa jina la Pamiętnik Justyny. Mwandishi mwenyewe hakuishi kukiona. Kwa Justyna hakuna kaunta wala dirisha. Kuna vijana wanaojua watakufa na wanabishana jinsi ya kufanya kifo hicho kiwagharimu wauaji. Ukimaliza kitabu kimoja ukafungua kingine, unagundua geto moja lilikuwa na pande ambazo hazikuonana, ingawa walikuwa wakipita uwanja ule ule.

Tarehe 13 na 14 Machi 1943 geto lilifutwa. Waliotakiwa kufanya kazi walipelekwa kambi ya Płaszów, hapo karibu. Karibu watu 2,000 waliuawa barabarani na majumbani. Sura hizo za Pankiewicz ni fupi kuliko nilivyotarajia. Sentensi zinakuwa kavu. Nilidhani amechoka, au anaficha. Niliposoma mara ya pili nikaona kilichotokea: wateja wameisha. Kitabu kilichokuwa kinatembea kwa miguu ya watu wanaoingia mlangoni hakina tena wa kuingia. Uwanja una fanicha zilizoachwa, mabegi, vyombo. Leo uwanja huo unaitwa Plac Bohaterów Getta, Uwanja wa Mashujaa wa Geto, na tangu 2005 umewekwa viti vikubwa vya chuma, vitupu, vikikumbusha samani zile zilizobaki baada ya watu kuondolewa.

Duka lenyewe lilikuwa na maisha mengine. Serikali ya Kikomunisti ililitaifisha mwaka wa 1951, na wakati mmoja pale pale paliwahi kuwa baa. Likawa jumba la kumbukumbu mwaka wa 1983. Pankiewicz alifariki Novemba 1993, mwezi ambao filamu ya Spielberg ilianza kuonyeshwa. Sijui kama kuna mtu aliyemuuliza kuhusu kilima.

Kitabu hiki hakijafika kwetu kwa Kiswahili, na ningetamani kifike, manake lugha yetu ingekibeba bila kutokwa jasho. Mtafsiri hatahitaji maelezo marefu kuhusu mzee anayeomba rangi ya nywele kwa mfamasia. Ataandika "dawa ya mvi" na msomaji ataelewa, kisha baada ya sekunde moja ataelewa zaidi. Namwomba mtafsiri huyo vitu viwili tu. Asipunguze majina ili hadithi iende mbio. Na katika dibaji, atutafutie lolote linaloweza kupatikana kuhusu wale wanawake watatu waliopita langoni kila asubuhi.